Mwalimu mmoja kwa wanafunzi wangapi? Jinsi ya kukokotoa uwiano na kuutumia kugawa walimu

Kiwango kinachotumika Tanzania kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Namba hizo hutajwa sana vikaoni mkoani Mwanza, kuanzia Nyamagana na Ilemela hadi Sengerema, Buchosa na visiwa vya Ukerewe, ila ni nadra mtu kuuliza ni mwalimu yupi aliyehesabiwa na ni mwanafunzi yupi. Hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia. Kugawanya ni kazi ya darasa la tano. Kuhesabu watu ni kazi ya mtu mzima mwenye subira.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, Afisa Elimu Kata na mjumbe wa kamati ya shule anayetaka kulinganisha shule bila kudanganywa na namba. Tutatumia shule nne za mfano. Majina na takwimu zake tumezitunga, lakini sura zake mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria atazitambua:

Shule ya Mjini (pembezoni mwa jiji): wanafunzi 1,512, walimu 24
Shule ya Mwaloni (kijiji cha wavuvi): wanafunzi 684, walimu 9
Shule ya Kisiwani: wanafunzi 312, walimu 4
Shule ya Bondeni (kijiji cha wakulima): wanafunzi 405, walimu 11

Hizi ni namba za darasa la kwanza hadi la saba. Awali tumeiweka pembeni pamoja na walimu wake, kwa sababu ina kiwango chake. Ukichanganya watoto wa awali na wenzao wa darasa la kwanza hadi la saba, kisha ukapima wote kwa 45, upungufu wa walimu utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Hatua ya kwanza: amua nani anahesabiwa

Anza na walimu. Kuna walimu waliomo kwenye ikama, yaani orodha rasmi ya watumishi wa shule, na kuna walimu wanaoingia darasani, na orodha hizo mbili hazilingani. Kwenye ikama yumo aliyeko masomoni, aliye kwenye likizo ya uzazi, anayeugua kwa muda mrefu, na aliyeazimwa ofisi nyingine huku jina lake likiwa bado linasomeka shuleni. Upande wa pili wapo walimu wa kujitolea, ambao hawamo kwenye ikama lakini ndio wanaofundisha hisabati darasa la nne.

Chukua Shule ya Mwaloni. Kwa ikama ina walimu 9, na 684 ÷ 9 ni 76. Tuseme mmoja yuko chuoni na mwingine yuko likizo ya uzazi, ambayo kisheria ni siku 84, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Wanaobaki shuleni ni 7. Sasa 684 ÷ 7 ni 97.7. Shule ile ile, wiki ile ile, ina 1:76 kwenye faili na karibu 1:98 darasani. Zote mbili ni sahihi mradi useme unaongelea ipi. Ya ikama ndiyo ya kuombea walimu halmashauri, maana mwalimu wa likizo atarudi. Ya darasani ndiyo ya kupangia ratiba ya muhula huu. Kosa ni kuchukua walimu wa ikama kutoka shule moja na walimu wa darasani kutoka shule nyingine, halafu ukazilinganisha.

Mwalimu mkuu naye anahitaji uamuzi. Kama shuleni kwenu mwalimu wa kawaida anabeba vipindi 30 kwa wiki na mwalimu mkuu anafundisha 12, basi kwa kazi ya darasani yeye ni 12 ÷ 30, yaani 0.4 ya mwalimu. Shule ya walimu 24 haitetereki sana kwa hilo. Shule ya walimu 4 inabaki na 3.4, na 312 ÷ 3.4 ni karibu 92 badala ya 78. Mwalimu wa kujitolea anayekuja siku mbili kati ya tano mhesabu hivyo hivyo: 2 ÷ 5, ni 0.4.

Kwa wanafunzi, tofauti ni kati ya walioandikishwa na wanaohudhuria. Januari watoto wa darasa la kwanza bado wanaandikishwa, hivyo namba ya wiki ya pili ya mwezi huo haifai kulinganishwa na namba ya Aprili ya shule jirani. Kwenye mialo ya wavuvi kuna jambo jingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hupumzika. Siku za giza ndizo siku za kuanika, na mikono ya watoto nayo hutakiwa. Ukihesabu mahudhurio ya wiki moja tu kwenye kijiji cha dagaa, unaweza kuwa umepima mwezi wa angani badala ya shule. Chukua wastani wa mahudhurio ya wiki nne mfululizo, au tumia walioandikishwa kwa shule zote. Kwa kulinganisha shule na shule tunapendelea walioandikishwa, tarehe moja, shule zote. Mtoto mtoro bado ni mtoto anayestahili mwalimu.

Hatua ya pili: shika mpangilio mmoja

Uwiano una mpangilio. Walimu kwa wanafunzi, 24:1,512, si sawa na wanafunzi kwa walimu, 1,512:24. Tanzania tumezoea kuanza na mwalimu, ndiyo maana tunaandika 1:63. Andika maneno kwanza, namba baadaye: “walimu : wanafunzi = 24 : 1,512”. Sekunde tano hizo zinaokoa mabishano ya nusu saa.

Epuka pia kusema “uwiano umepanda” au “umeshuka”. Shule ikitoka 1:63 ikafika 1:50, mmoja ataona 63 imeshuka hadi 50, mwingine ataona sehemu 1/63 imepanda hadi 1/50. Wote wako sawa na hawaelewani. Sema “wanafunzi kwa kila mwalimu wamepungua kutoka 63 hadi 50” na kikao kitasonga mbele.

Hatua ya tatu: rahisisha, kisha shusha hadi mwalimu mmoja

Kurahisisha uwiano ni kugawanya pande zote mbili kwa kigawo kikubwa cha shirika, KKS. Shule ya Mjini: KKS ya 24 na 1,512 ni 24, tunapata 1:63. Mwaloni: KKS ya 9 na 684 ni 9, tunapata 1:76. Kisiwani: 4 na 312, tunapata 1:78.

Bondeni inakataa. KKS ya 11 na 405 ni 1, kwa hiyo 11:405 haipungui tena. Uwiano huo ni halali, ila huwezi kuulinganisha na 1:63 kwa macho. Kwa kulinganisha, acha KKS na gawanya tu idadi ya wanafunzi kwa idadi ya walimu: 405 ÷ 11 = 36.8. Andika 1:36.8, au 1:37 kwenye ripoti fupi. Desimali si dhambi hapa. Hakuna mwanafunzi mwenye 0.8, ni wastani.

Sasa shule zetu zimekaa mstari mmoja: Bondeni 36.8, Mjini 63, Mwaloni 76, Kisiwani 78. Bondeni peke yake iko ndani ya kiwango cha 45.

Watu wengine hupenda kuangalia kwa upande wa pili, walimu kwa kila wanafunzi 1,000. Gawanya walimu kwa wanafunzi, zidisha kwa 1,000. Kisiwani ni 4 ÷ 312 × 1,000 = 12.8, Mjini ni 15.9, na kiwango cha 1:45 ni 22.2. Faida yake ni kwamba namba kubwa ndiyo nzuri, hivyo mzazi kwenye mkutano wa kijiji haihitaji maelezo.

Hatua ya nne: tafuta walimu wanaohitajika

Hapa tunatumia uwiano sawia: sehemu mbili zilizo sawa, moja ikiwa na namba tusiyoijua. Kwa Mwaloni:

1/45 = x/684

Zidisha mshazari, kiasi cha upande mmoja kwa asili ya upande wa pili: 45 × x = 1 × 684. Gawanya kwa 45: x = 15.2.

Walimu 15.2 ni walimu 16. Usikadirie kwa kanuni ya kawaida ya desimali inayosema 0.2 inadondoshwa. Ukiweka walimu 15, kila mmoja anabeba 45.6, umeshavuka kiwango. Kwa mahitaji ya walimu, madarasa, madawati na vyoo, kadiria juu daima, hata kama ni 15.02.

Mjini: 1,512 ÷ 45 = 33.6, wanahitajika 34, upungufu 10.
Mwaloni: 15.2, wanahitajika 16, upungufu 7.
Kisiwani: 312 ÷ 45 = 6.93, wanahitajika 7, upungufu 3.
Bondeni: 405 ÷ 45 = 9 kamili, kuna ziada 2.

Angalia jinsi upungufu unavyodanganya ukiutazama peke yake. Mjini inakosa walimu 10 na Kisiwani 3, na mwenye haraka atakimbilia Mjini. Lakini Mjini ina walimu 24 kati ya 34 inaowahitaji, sawa na asilimia 71. Kisiwani ina 4 kati ya 7, asilimia 57. Andika vyote viwili, idadi na asilimia. Idadi inasema uajiri wangapi, asilimia inasema nani anaumia zaidi.

Kosa linalofanana na hilo ni la kuongeza sawasawa. “Tuwape kila shule walimu watatu, haki itendeke.” Mjini itatoka 24 hadi 27 na kushuka hadi wanafunzi 56 kwa mwalimu. Kisiwani itatoka 4 hadi 7 na kushuka hadi 44.6. Walimu watatu ni nyongeza ya asilimia 12.5 kwa mmoja na asilimia 75 kwa mwingine. Uwiano hujali kuzidisha na kugawanya. Kujumlisha namba ile ile pande zote hakuleti usawa.

Hatua ya tano: uwiano wa kata nzima

Tuseme shule zote nne ziko kata moja. Afisa Elimu Kata anataka namba moja. Njia ya mkato inayovutia ni kujumlisha 63, 76, 78 na 36.8, kisha kugawanya kwa 4. Unapata 63.45. Namba hiyo si sahihi.

Uwiano haupigwi wastani hivyo, kwa sababu walimu 24 wa Mjini na walimu 4 wa Kisiwani hawana uzito sawa. Jumlisha watu kwanza, gawanya mwisho. Wanafunzi wote: 1,512 + 684 + 312 + 405 = 2,913. Walimu wote: 24 + 9 + 4 + 11 = 48. Kisha 2,913 ÷ 48 = 60.7.

Kuna kipimo rahisi cha kunasa kosa hili kwenye ripoti ya mtu mwingine: zidisha uwiano wake kwa idadi ya walimu, uone kama unarudi kwa wanafunzi waliopo. 63.45 × 48 ni zaidi ya 3,045. Kata ina wanafunzi 2,913. Wastani mbovu umezaa wanafunzi hewa 132, na hakuna aliyewaandikisha.

Kosa jingine la kata ni kukokotoa mahitaji kwa jumla. 2,913 ÷ 45 = 64.7, yaani 65. Lakini tukijumlisha mahitaji ya kila shule, 34 + 16 + 7 + 9, tunapata 66. Tofauti ya mmoja inatokana na kukadiria juu shule kwa shule, na 66 ndiyo namba ya kweli, kwa sababu mwalimu hawezi kugawanywa nusu asubuhi Mjini na nusu mchana Kisiwani, labda boti nayo iwekwe kwenye ratiba. Zaidi ya hapo, hesabu ya jumla inachukua walimu 2 wa ziada wa Bondeni na kuwafunikia upungufu wa wengine. Upungufu halisi wa shule tatu ni walimu 20. Kwa jumla utasomeka 17. Halmashauri ikifanya hivyo kwa kata zote, mkoa nao ukafanya kwa halmashauri zote, upungufu unaendelea kuyeyuka kadiri karatasi inavyopanda ngazi. Peleka juu orodha ya shule, usipeleke jumla peke yake.

Hatua ya sita: kugawa walimu wapya

Wamekuja walimu 12. Shule tatu zina upungufu wa 10, 7 na 3. Gawa kwa uwiano wa upungufu, 10:7:3. Jumla ya sehemu ni 20, kwa hiyo sehemu moja ni 12 ÷ 20 = 0.6.

Mjini: 10 × 0.6 = 6
Mwaloni: 7 × 0.6 = 4.2
Kisiwani: 3 × 0.6 = 1.8

Hapa hatukadirii juu, maana walimu ni 12 tu. Kila shule ipewe namba nzima kwanza: 6, 4 na 1, jumla 11. Amebaki mmoja, anakwenda kwenye desimali kubwa kuliko zote, ambayo ni 0.8 ya Kisiwani. Mgao ni 6, 4 na 2.

Hakiki matokeo. Mjini 1,512 ÷ 30 = 50.4. Mwaloni 684 ÷ 13 = 52.6. Kisiwani 312 ÷ 6 = 52. Zimekaribiana.

Wengine hugawa kwa uwiano wa wanafunzi, 1,512:684:312, ambao ukirahisishwa kwa 12 ni 126:57:26, sehemu 209. Inaleta 7.2, 3.3 na 1.5, mgao wa 7, 3 na 2. Ukihakiki, Mjini inapata 48.8 na Mwaloni inabaki 57. Sababu ni kwamba njia hiyo inasahau walimu waliopo tayari. Inafaa kugawa kitu ambacho hakuna shule iliyonacho bado, kama vitabu vya mtaala mpya. Kwa walimu, tumia upungufu.

Na wale wawili wa ziada wa Bondeni? Usiandike uhamisho kabla ya hatua inayofuata.

Hatua ya saba: kutoka kwenye uwiano hadi kwenye chumba cha darasa

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi si ukubwa wa darasa. Uwiano wa 1:63 haumaanishi mwalimu anasimama mbele ya watoto 63. Mwalimu hafundishi kila kipindi. Anaandaa somo, anasahihisha, anapumua. Darasa lenyewe lina kipindi muda wote.

Tuseme ratiba ina vipindi 40 kwa wiki kwa kila mkondo, yaani kundi la wanafunzi wanaosoma pamoja chumba kimoja (weka namba ya ratiba yenu). Shule ya Mjini ina mikondo 21, tatu kwa kila darasa. Kila mkondo una wanafunzi 1,512 ÷ 21 = 72. Vipindi vyote ni 21 × 40 = 840, na kila mwalimu anabeba 840 ÷ 24 = 35. Kwa hiyo uwiano ni 63, lakini darasani wameketi 72. Vitu hivi vitatu vinafungamana hivi:

Ukubwa wa mkondo = uwiano × (vipindi vya mkondo ÷ vipindi vya mwalimu)

63 × 40 ÷ 35 = 72. Inakubali.

Sasa weka kiwango chenyewe kwenye fomula. Shule yenye 1:45 kamili, walimu wakibeba vipindi 30 kwa wiki, itakuwa na mikondo ya 45 × 40 ÷ 30 = wanafunzi 60. Mzazi aliyeambiwa kiwango kimefikiwa akichungulia dirishani atahesabu 60 na kudhani amedanganywa. Hajadanganywa, ameelezwa namba moja akaona nyingine. Ukitaka watoto 45 darasani na mwalimu wa vipindi 30, uwiano unaohitajika ni 45 × 30 ÷ 40, yaani mwalimu mmoja kwa karibu wanafunzi 34.

Vyumba navyo vina neno. Mjini ikipewa walimu 10 kesho bila chumba kipya hata kimoja, mikondo inabaki 21 na kila mkondo unabaki na 72. Kitakachopungua ni mzigo wa mwalimu: 840 ÷ 34 = vipindi 24.7 badala ya 35. Si jambo dogo, madaftari yatasahihishwa, lakini mtoto wa mwisho nyuma bado haoni ubao. Njia pekee ya kupunguza msongamano bila vyumba ni zamu ya asubuhi na ya mchana. Ombi la walimu liende pamoja na ombi la vyumba: kwa mikondo ya 45, Mjini inahitaji 1,512 ÷ 45 = 33.6, yaani vyumba 34, dhidi ya 21.

Kisiwani mambo ni kinyume kabisa. Darasa la kwanza hadi la saba, mkondo mmoja mmoja, mikondo 7. Kila mkondo una wanafunzi 312 ÷ 7, chini ya 45. Anayepita na boti akachungulia madarasa ataondoka ameridhika. Lakini vipindi ni 7 × 40 = 280 na walimu ni 4, hivyo kila mmoja angepaswa kufundisha vipindi 70 ndani ya wiki yenye vipindi 40. Haiwezekani. Hata wasipopumzika hata dakika moja watafika 160 kati ya 280, uwiano wa 4:7. Kila saa ya siku, madarasa 3 kati ya 7 hayana mwalimu, au yamebanwa pamoja na jirani yake.

Ukiipa shule hiyo walimu 7 ili ifikie 1:45, vipindi vinakuwa 280 ÷ 7 = 40 kwa kila mwalimu, wiki nzima bila nafasi. Mmoja akivuka kwenda Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, kufuatilia jambo benki na ziwa likachafuka, darasa lake halina mtu mpaka boti irudi. Kwa shule ndogo, kokotoa mahitaji kwa vipindi: 280 ÷ 30 = 9.3, walimu 10. Uwiano utakuwa 1:31 na mtu wa ofisini ataona ziada. Mwonyeshe hesabu ya vipindi. Kanuni tunayoipendekeza: fanya hesabu zote mbili, ya wanafunzi ÷ 45 na ya vipindi ÷ 30, kisha chukua namba kubwa.

Kwa kipimo hicho hicho rudi Bondeni. Mikondo 7, vipindi 280, wanahitajika 10. Wana 11. Ziada si 2 tena, ni 1, na hata huyo mmoja uliza kwanza anafundisha nini. Akiwa ndiye pekee anayeweza hisabati za madarasa ya juu, mwache alipo.

Hatua ya nane: asilimia zinazoteleza

Idadi ya walimu na idadi ya wanafunzi kwa mwalimu viko kwenye uwiano kinyume: kimoja kikipanda kingine kinashuka, na zao lake halibadiliki. Mjini 24 × 63 = 1,512, na 30 × 50.4 = 1,512.

Kwa sababu hiyo, kuongeza walimu asilimia 25 hakupunguzi mzigo kwa asilimia 25. Kutoka 24 hadi 30 ni nyongeza ya asilimia 25. Kutoka 63 hadi 50.4 ni punguzo la asilimia 20. Gawanya 1 kwa 1.25 upate 0.8. Na ukikisia mwaka ujao, ingiza ongezeko la wanafunzi: wakiongezeka asilimia 10 na walimu asilimia 25, ni 63 × 1.10 ÷ 1.25 = 55.4. Wilaya inaweza kupokea walimu wapya na uwiano usisogee, kwa kuwa watoto nao wanaandikishwa kila mwaka, na zaidi tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016.

Vyoo na madawati kwa njia ile ile

Viwango vya kawaida ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25, na dawati moja kwa wanafunzi 3. Mwaloni ina wasichana 352 na wavulana 332: matundu 17.6 na 13.3, yaani 18 na 14. Gawanya kila jinsi peke yake. Ukichukua 684 kwa pamoja utapata namba isiyojenga choo cha yeyote. Madawati ni 684 ÷ 3 = 228. Yaliyopo yakiwa 171, wanaketi wanne wanne na pungufu ni 57. Hesabu madawati mazima tu. Lililovunjika mguu likaegemezwa ukutani halimo.

Kuandika kwenye ripoti na kwenye kompyuta

Mstari mmoja wa ripoti unatosha ukiwa na vitu sita: jina la shule, tarehe ya takwimu, wanafunzi walioandikishwa, walimu wa ikama, walimu waliopo darasani, na uwiano wa kila orodha. Mfano: “Mwaloni, (tarehe ya takwimu), walioandikishwa 684, ikama 9 (1:76), waliopo 7 (1:97.7), mahitaji 16 kwa kiwango cha 1:45, mikondo 7.”

Kwenye Excel usiandike 1:45 kwenye seli. Programu inaisoma kama saa, na ukijaribu kukokotoa nayo utapata desimali ya ajabu kama 0.0729. Weka namba ya pili peke yake, 45, na kichwa cha safu kisomeke “wanafunzi kwa mwalimu mmoja”. Wanafunzi wakiwa safu ya B na walimu safu ya C, uwiano ni =B2/C2 na mahitaji ni =ROUNDUP(B2/45,0). Fomula ikikataa, jaribu nukta mkato badala ya mkato, kutegemea mpangilio wa kompyuta. Mstari wa jumla chini kabisa upate =SUM ya B gawanya kwa =SUM ya C, usiwe =AVERAGE ya safu ya uwiano; kwa mahitaji, jumlisha safu ya mahitaji ilivyo. Shule isiyo na mwalimu hata mmoja italeta alama ya kosa la kugawanya kwa sifuri. Usiifute kwa kuweka 0, maana sifuri hapo itasomeka kuwa ndiyo shule bora kuliko zote. Andika “hakuna mwalimu” kwa maneno, na shule hiyo iwe ya kwanza kwenye orodha.